Neno Lililokosekana Mikomweni

Kaeni. Nimesema kaeni, msichutame kama watu wanaotaka kukimbia. Hadithi hii haisikilizwi na mtu aliyesimama, na tukifika mwisho wake mtajua kwa nini.

Leo mtu akimshinda mwenzake kwa akili, maneno ya kumsemea ni tele. Kamzidi kete. Kampiga bao. Kamzunguka, kamwingiza mjini, kamtia mfukoni. Kampiga chenga, hilo la vijana wa mpira. Tunayo mpaka tunachagua, na kila mtu ana lake analolipenda. Lakini palikuwa na wakati ambapo hata moja halikuwapo. Neno la kushinda lilikuwa moja tu, kuangusha, na aliyekuwa hana mabega ya kuangushia watu alikuwa hana cha kusema. Jinsi tulivyopata la pili ndiyo habari yenyewe, na kila nikiisimulia mwili wangu unasisimka, kwa hiyo nivumilieni nikipandisha sauti.

Mikomweni ilikuwa bonde la mpunga. Majaruba yalianza mtoni yakapanda hadi vichakani, na vichaka vyenyewe vilikuwa mikomwe mitupu, ile yenye miiba na mbegu ngumu za kijivu. Watu wake walikuwa wachapakazi na wakarimu, ila walikuwa na ugonjwa mmoja. Ugomvi wowote, uwe wa mpaka, wa mbuzi au wa mchumba, waliumaliza kwa mieleka. Anayedai kitu alimwita mwenye kitu kiwanjani, na aliyeitwa hakuweza kukataa.

Kiwanjani palichimbwa mashimo mawili madogo, kila mtu na lake, na kila shimo lilitiwa mbegu za mkomwe, ambazo hata wakati huo ziliitwa kete. Mzee wa ngoma alipiga duru. Ngoma ikilia watu hushikana, ikinyamaza huachana. Aliyemwangusha mwenzake alikomba kete zote, mzee wa ngoma akatangaza, "Ameangushwa," kiwanja kizima kikaitikia, na mali ikahama mkono siku hiyohiyo. Bila tangazo hilo hapakuwa na hukumu. Hata mtu awe amelala chali anaugulia mbavu, mpaka neno litamkwe ndipo jambo limekwisha.

Sheria za kiwanja ziliimbwa na wanawake kabla ya duru ya kwanza, huku wanaume wakijipaka mafuta na kujinyoosha viungo. Ziliimbwa hivi:

Anayedai ndiye aangushe,
duru ikipita patupu atoe kete.
Aliyeketi kapumzika,
mkono wa mtu usimfike.
Aliyeangushwa kete zimekombwa,
shimo likikauka dai limekufa.

Ulikuwa wimbo mtamu, wenye vigelegele mwishoni. Kila mtu aliujua na hakuna aliyeusikiliza. Wa nini? Watu walikuwa wakiangushana duru ya kwanza au ya pili, wanakwenda zao kula. Na hiyo ruhusa ya kuketi, iliyowekwa kwa ajili ya waliopandwa na pumu, hakuna aliyeitumia. Mikomweni mtu aliyeketi kiwanjani alichekwa kuliko aliyeng'olewa meno.

Katika bonde hilo aliishi Mwatime, mjane wa makamo, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kusahau. Mumewe alikuwa amefariki msimu uliopita akamwachia jaruba la mtoni, lile ambalo maji yake hayakauki. Nimesema akamwachia, lakini ukweli ni kwamba walilitengeneza wote wawili. Mfereji wake Mwatime aliuchimba kwa mikono akiwa na mimba ya mwanawe mkubwa. Hakuwa na shamba lingine. Watoto wake walikuwa wakila jaruba lile, wakivaa jaruba lile, na wakiugua walitibiwa kwa jaruba lile.

Na katika bonde hilohilo aliishi Kitojo, aliyekuwa hajaangushwa na mtu tangu aote ndevu. Shingo yake ilikuwa nene kama kinu. Sitaki mmchukie, maana hakuwa mtu mwenye kinyongo. Alikuwa amezoea tu. Akiona mbuzi mzuri anamwita mwenye mbuzi kiwanjani, akiona shamba zuri anamwita mwenye shamba, anaangusha, anatangaziwa, anamsaidia aliyeanguka kujipangusa vumbi, tena kwa upole. Alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kutaka kitu asikipate.

Basi mpunga wa Mwatime ulipoanza kuinamisha vichwa, Kitojo akaja ukingoni mwa jaruba, akasimama hapo amejishika kiuno.

"Shemeji, pole na kazi," alisema. Alikuwa amecheza na marehemu utotoni, ndiyo maana alimwita hivyo.

"Nimeshapoa, shemeji. Karibu."

"Jaruba hili nalitaka. Nakuita kiwanjani siku ya gulio."

Mwatime aliacha kupalilia. "Mpunga unakaribia kuiva, shemeji."

"Naona," alisema Kitojo. "Ndiyo maana nimekuja sasa."

Hakuna hata haya usoni. Akaaga vizuri, akaenda zake.

Mwatime alikuwa na kaka yake, Chande, mtu mwema aliyekuwa mwembamba hata ukimwita kwa nguvu unaogopa ataanguka. Chande aliposikia alikuja mbio akasema atasimama yeye badala ya dada yake. Alisema huku midomo inamtetemeka, na Mwatime alimpenda sana wakati ule.

"Kaka, atakuvunja."

"Anivunje. Wanao watakula nini nikikaa nakutazama?"

"Wanao watakula, na wangu watakula. Wewe siku hiyo utaniamia ndege. Kiwanjani nitakwenda mwenyewe."

Alisema hivyo ili kumtuliza, lakini hakuwa na lolote kichwani. Aliogopa. Kila asubuhi alikwenda jarubani kuwafukuza kwelea, anarusha kombeo, anapiga kelele, na kila akitazama mpunga ule aliona mikono ya Kitojo ikiuvuna.

Sasa nyinyi mnajua kuamia ndege kulivyo. Ukinyamaza wanashuka, kwa hiyo huna budi kuimba, na ukishamaliza nyimbo zote unazozijua unaanza zile usizozipenda. Mwatime alifika huko. Akaanza kuimba wimbo wa kiwanja kwa sauti yote, amekasirika, anarusha jiwe kila mwisho wa mstari. Anayedai ndiye aangushe, jiwe. Duru ikipita patupu atoe kete, jiwe. Aliyeketi kapumzika.

Mkono wake ukabaki juu na kombeo linaning'inia.

Akaurudia wimbo polepole kutoka mwanzo, akitamka kila neno kana kwamba amefundishwa leo. Halafu akakaa chini pale pale kwenye tuta, kwenye tope, akacheka mpaka machozi. Kwelea walishuka wakala walivyopenda. Asubuhi ile aliwaachia.

Siku ya gulio watu walijaa kiwanjani mpaka wengine wakapanda migongo ya wenzao. Walikuja kwa huruma na walikuja kwa umbeya, na sijui kipi kilikuwa kingi. Wanawake wakaimba sheria. Mzee Dunga, mwenye ngoma, mtu aliyekuwa na sauti kubwa kuliko mwili, akajaza mashimo mawili. Kitojo akaingia amepakwa mafuta anang'aa, mashabiki wake nyuma yake. Mwatime akaingia na kijimkeka kwapani.

Watu wakadhani ni cha kumlazia akishaumia.

Mzee Dunga akanyanyua magongo. Mwatime akatandika mkeka wake kando ya shimo lake, akaketi, akanyoosha miguu, akatoa ukili kwenye upindo wa nguo, akaanza kusuka. Ngoma ikalia. Kitojo akaja amefungua mikono, akafika, akasimama.

"Inuka, shemeji."

"Napumzika."

"Unapumzika nini na hatujashikana?"

"Nimetoka kuamia ndege. Kazi ile unaijua wewe? Nimechoka."

Kiwanja kikaangua kicheko. Wakampigia miluzi, wakamwita gunia, wakamwita kuku wa mayai, na mashabiki wa Kitojo wakapiga makofi ya kejeli. Masikio ya Mwatime yaliwaka moto. Alitaka kuinuka kwa aibu tu, maana aibu ya kiwanjani ilikuwa imemlea kama ilivyowalea wote. Akashika ukili kwa nguvu, akaangalia vidole vyake. Ngoma ikanyamaza.

Kicheko kikapungua. Mzee Dunga alikuwa amekodoa macho kwenye yale mashimo mawili. Duru imepita patupu. Ilikuwa haijawahi kutokea akiwa yeye ndiye mwenye ngoma, wala akiwa baba yake ndiye mwenye ngoma. Upande wa wanawake mtu mmoja, hadi leo hajulikani ni nani, akaanza kuuimba ule mstari wa pili chinichini. Mwingine akadakia. Mzee Dunga akakohoa.

"Kitojo," alisema, "toa kete moja."

Kitojo akacheka kwa moyo mweupe kabisa. Akachota kete moja kutoka shimo lake, akaidondosha kwenye la Mwatime. "Chukua, shemeji. Ya kusukia ukili."

Duru ya pili akasimama mbele yake anangoja. Ikapita, akatoa kete. Duru ya tatu naye akaketi, ajaribu kumkejeli. Ikapita pia, maana anayedai akiketi anaangusha nini? Akatoa kete. Baada ya hapo akaacha kucheka. Shimo lake lilikuwa limeanza kuonyesha udongo, na la Mwatime lilikuwa limefura mpaka kete zinaviringika pembeni, na wale waliokuwa wakipiga miluzi sasa walikuwa wamesogea kimya, wanatazama ardhini. Jamani, mieleka watu hutazama juu. Siku hiyo kwa mara ya kwanza kiwanja kizima kilitazama mashimo.

Kitojo hakuwa mjinga. Nguvu zilimfanya asitumie akili kwa muda mrefu tu, kama jembe lililotundikwa darini. Akaanza kufikiri, na kufikiri kwake kulimtisha Mwatime kuliko mabega yake.

Hapo ndipo mtu mmoja upande wa mtoni akapiga yowe la kwelea.

Halikuwa la uongo. Mwatime alisikia mbawa kabla ya kuona. Wingu zima la ndege likapita juu ya kiwanja, likazunguka, likaelekea bondeni, na kila mwenye macho aliona linakokwenda. Kule kulikuwa na Chande peke yake na kombeo lake.

"Shemeji," alisema Kitojo, na sauti yake ilikuwa ya upole kwelikweli, "mpunga wako unaliwa. Nenda ukaamie. Mimi nitakungoja."

Mwatime aliinama mbele. Mkono mmoja uliacha ukili ukagusa ardhi. Alikuwa anaijua kila shuke la jaruba lile, na alijua kwelea wakishatua mtu mmoja hawamfukuzi wote. Machozi yakamtoka, yakadondokea mikononi mwake mbele ya watu wote, na hakuyapangusa. Lakini akaona vilevile mikono ya Kitojo iliyokuwa tayari, vidole vimefunguka, vinasubiri makalio yake yaachane na mkeka kwa upana wa unyasi.

"Wale ndege," alisema, "hawawezi kula udongo. Wewe umekuja kuchukua udongo."

Akauokota ukili. Ngoma ikanyamaza. Kitojo akatoa kete, na safari hii aliiweka polepole.

Duru iliyofuata aliitumia yote akimnong'oneza shabiki wake. Shabiki akatoka mbio. Kete ikalipwa, duru nyingine ikaanza, na kabla haijaisha watu wa nyuma wakaanza kupisha. Alikuwa anakuja Bi Kirembo, mama yake Kitojo.

Sasa Bi Kirembo hakuwa mtu wa kuja kiwanjani. Alikuwa bibi wa bonde zima, mkunga wao, aliyewapokea kwa mikono yake karibu wote waliokuwa wamesimama pale, na nusu yao aliwachapa kofi la kwanza ili walie. Akipita njiani, hata mwenye mzigo kichwani alisimama. Aliyeketi aliinuka. Mtu ambaye hainuki Bi Kirembo akipita, hilo halikuwa na adhabu, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya. Na Kitojo alikuwa amemwita kwa maneno haya tu: mwambie mama aje anitazame.

Kiwanja kizima kikasimama wima. Mzee Dunga akasimama huku anaendelea kupiga ngoma. Waliokuwa migongoni mwa wenzao wakashuka. "Shikamoo, Bi Kirembo. Shikamoo, bibi." Sauti zikapokezana kutoka pembe hadi pembe, na yule bibi akaja moja kwa moja, akasimama mbele ya mtu mmoja aliyekuwa bado ameketi. Kitojo alikuwa hatua moja nyuma ya Mwatime, amekunja magoti kidogo.

Mwatime alimtazama Bi Kirembo. Mikono ile ilikuwa imempokea yeye, na watoto wake wote. Asipomheshimu, hata akibaki na jaruba, nani Mikomweni atamwazima moto? Akiinuka, jaruba limekwenda. Watu waliliona jambo lote kwa pamoja.

Mwatime akaweka ukili kando. Hakuinuka. Akainama mbele, miguu imenyooka vilevile, akanyoosha mikono yote miwili, akaishika miguu ya Bi Kirembo, mmoja kila mkono, akaweka paji la uso juu yake.

"Nashika miguu yako, mama," alisema.

Waliosimama wakatazamana. Wao shikamoo walikuwa wameisema kwa mdomo tu, kama tunavyosema sote. Aliyeketi peke yake ndiye aliyeweza kuitenda.

Bi Kirembo akamwekea mkono kichwani. Halafu akasema, "Marahaba, mwanangu. Kila siku naambiwa miguu yangu inashikwa. Leo ndiyo imeshikwa." Akatazama mashimo, akatazama mwanawe aliyekunja magoti, akaelewa ameitiwa nini. "Nisogezee mkeka," alimwambia Mwatime, akaketi pembeni yake. Ngoma ikanyamaza.

Kitojo akalipa. Alilipa na duru iliyofuata, na iliyofuata, mpaka akaingiza vidole shimoni akatoa kete ya mwisho. Ilipogonga zile nyingine ililia, na kila mtu aliisikia. Shimo limekauka.

Mnadhani imekwisha? Na Mwatime alidhani hivyo. Wanawake walishaanza vigelegele. Lakini Mzee Dunga alifungua kinywa atangaze, kikabaki wazi.

"Tangaza," watu walisema.

"Nitangaze nini?"

"Sema ameangushwa."

"Nani kaniangusha?" aliuliza Kitojo. Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa anataka kujua. "Mimi huyu nimesimama. Mgongo wangu una vumbi?"

Hauna. Mzee Dunga akatazama mgongo ule unaong'aa, akafumba kinywa. Mashabiki wa Kitojo wakapata uhai. Mmoja akasema Kitojo amedanganywa.

"Nimesema uongo gani?" aliuliza Mwatime. "Nimesema napumzika, na nyote mmeniona napumzika."

Mwingine akasema ameibiwa. Mwatime akamwonyesha mikono yake, ambayo haikugusa shimo la mtu, na kila kete Kitojo alikuwa ameitoa mwenyewe. Basi sauti moja ya nyuma ikasema, "Amerogwa."

Hapo mambo yakageuka. Neno hilo walikuwa nalo, na lilikuwa limekaa tayari. Watu wa mbele wakarudi nyuma hatua moja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga vigelegele akaweka mkono mdomoni. Mwatime alijua mchawi haachiwi jaruba, na mara nyingi haachiwi hata nyumba. Alikuwa ameshinda mbele ya bonde zima, na alikuwa anakaribia kupotea kwa sababu bonde zima halikuwa na jina la alichokifanya.

"Nani amesema hivyo?" aliuliza Bi Kirembo. "Aje hapa mbele arudie, mimi ndiye niliyemkata kitovu."

Hakuja mtu.

"Kitojo, mwanangu. Chutama hapa."

Kitojo akachutama.

"Unalikumbuka jaruba la marehemu baba yako? Hulikumbuki, ulikuwa mgongoni. Mtu alikuja akalitaka, akaniita kiwanja hikihiki. Nami wimbo huu niliujua, niliuimba mwenyewe asubuhi ile. Lakini nilisimama. Nilisimama kwa sababu niliambiwa kuketi ni aibu, nikaangushwa na wewe mgongoni, na kovu lako la kisogoni ni la siku hiyo. Ulipokua ukawa na nguvu nikafurahi, nikasema sasa hatuangushwi tena. Sikujua nakulea uje kuwa yule mtu."

Kitojo aligusa kisogo chake.

"Basi tazama," alisema mama yake. "Shimo lako lile, lake hili. Hakukuangusha, hakukudanganya, hakukuroga. Mmecheza kwa sheria moja, na mwenzio amekuzidi kete. Ndivyo ilivyo, na ndivyo isemwe."

Mzee Dunga akalionja neno lile mdomoni kimyakimya, kama mtu anayeonja chumvi. Lakini aliyelitamka kwa sauti hakuwa yeye. Kitojo aliinuka, akageukia watu, akanyoosha mkono kama walivyozoea kumwona akifanya baada ya kushinda.

"Nimezidiwa kete," alisema.

Kiwanja hakikuitikia mara moja, kwa kuwa hakikujua kitaitikia vipi. Kisha akasema tena, na mara ya pili alikuwa anatabasamu, na hapo jamani kelele zilizolipuka ziliwarusha kwelea wote kutoka jaruba la mtoni. Chande mwenyewe alisema baadaye kwamba alikuwa ameshakata tamaa, amekaa anawatazama wanavyokula, akashangaa wingu zima limeinuka kwa mpigo mmoja likaenda zake. Robo ya mpunga ilikuwa imeliwa. Iliyobaki ilitosha, na kikapu cha kwanza Mwatime alikibeba mwenyewe mpaka kwa Bi Kirembo.

Kitojo hakulala vizuri siku zile. Kushindwa hakukumuuma sana, lakini alitaka kufahamu. Akaja ukingoni mwa jaruba, safari hii akabisha hodi, akamwomba shemeji yake amwonyeshe tena. Wakachimba mashimo mawili, wakaketi. Wakaona ni machache, wakaongeza. Wakaongeza tena, wakapanga safu, huyu akaweka mtego na yule akautegua, na kabla ya mavuno kwisha kulikuwa na watu wamewazunguka, kila mmoja anamfundisha mchezaji cha kufanya na hakuna anayesikilizwa. Mchezo huo mnaujua. Baadaye watu waliuchonga kwenye mbao, wakauita bao, na kiwanja cha mieleka kikaota majani.

Na tangu siku hiyo, anayeshindwa kwa akili hasemi ameangushwa. Husema amezidiwa kete, na husema akiwa mzima, meno yake yote kinywani, anataka mchezo mwingine. Yale maneno mengine ya ujanja yalikuja baadaye, yakakuta huyu mkubwa wao ameshafungua mlango.

Na tangu siku hiyo vilevile, mcheza bao hainuki. Mkewe amwite chakula kinapoa, hainuki. Mvua ianze, hainuki, anavuta bao ndani ya upenu. Hata akija mtu mzima wa heshima zake, mchezaji hunyoosha mkono tu akasalimu akiwa chini, na mtu mzima huyo hakasiriki. Nyinyi mlikuwa mkidhani ni ukosefu wa adabu. Mwenzenu anakumbuka kuna mikono mahali inamsubiri ainuke.

Haya, sasa mnaweza kusimama. Anayethubutu.